Ripoti ya Faksi ya Shangazi

Ofisini kwetu Changamwe kuna mashini moja ya faksi ambayo kila mwaka mkubwa wangu husema ataiondoa, na kila mwaka haondoi. Kazi yetu ni kuwatolea watu mizigo bandarini, na bado tuna wateja, hasa wazee wa Uarabuni, ambao karatasi isiyopita kwenye faksi hawaiamini. Barua pepe kwao ni maneno ya hewani. Basi mashini imebaki pale pale karibu na dirisha, imegeuka rangi ikawa ya manjano kwa jua, na mwenye kuiangalia ni mimi. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huipiga picha wakawatumia wenzao na kucheka. Nawaacha wacheke. Wakiniudhi nawapa barua ya kurasa kumi na tano, nawaambia haya, itumeni hii.

Shuleni tulifunzwa kuiita kipepesi. Sijamsikia mtu mwenye akili zake timamu akiiita hivyo.

Lugha yake naijua yote. Ukiinua mkono wa simu ukasikia mlio mrefu usiokatika, hiyo ni toni, maana yake laini i hai. Ukishabonyeza namba utasikia kelele za kukwaruza, na wageni hudhani imeharibika, kumbe ni mashini mbili zinaamkiana. Hii inauliza uko tayari, ile inajibu niko tayari, kisha zinapatana mwendo, mbio au pole pole. Ikiandika bizi, kule kuna mwingine anayezungumza. Memori ni pale inapoisoma karatasi kwanza, ikaiweka kichwani mwake, ndipo ipige simu. Kwa hivyo karatasi ikishapita imepita, na kitakachokwenda ni kile ilichokiona. Juu ya kila ukurasa unaofika kule hujiandika namba yetu na saa, na hilo ndilo linalowapendeza wale wazee. Mwisho hutoka ripoti, karatasi moja tu inayosema umetuma kurasa ngapi, kwa dakika ngapi, na chini yake neno OK. Mashini yetu ina nyongeza. Chini ya ile OK huwa pana kisanduku chenye picha ndogo ya ukurasa wa kwanza, upate kukumbuka ulituma nini.

Na karatasi hulazwa kifudifudi. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeingia, hata kabla sijamuonyesha choo kiko wapi. Jicho la mashini liko chini, basi maandishi yatazame chini, mgongo wa karatasi uwe juu. Zikiwa mbili, ile ya kwanza ndiyo ikae chini kabisa.

Haya yote nilikuwa nayajua siku ile. Nayasema mapema kwa sababu mpaka leo huyasema tena peke yangu jikoni, nikikuna nazi, na kuna siku mume wangu huuliza nazungumza na nani.

Shangazi yangu anakaa Mjambere, mimi niko Mishomoroni, na baina yetu ni mwendo wa miguu tu. Yeye ndiye aliyenilea baada ya babangu kufariki. Alinisuka nywele, alinipeleka chuoni kusoma Kurani, na alinichapa vile vile, maana mdomo wangu haukuanza kuwa mrefu jana. Alijaliwa mtoto mmoja wa kiume, na mimi na yeye tulikua kama tumbo moja. Alipopata kazi Uarabuni ya kutengeneza viyoyozi, nilimfungia masanduku kwa mikono yangu. Hakuwahi kurudi hata mara moja. Lakini kila Ijumaa baada ya swala alipiga simu ya video, na mamake alikuwa akijifunga mtandio mpya kwa ajili ya simu hiyo, utadhani anakwenda harusini.

Kisha Jumamosi moja simu ikaja kutoka kwa mtu aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Ndugu yangu alianguka kazini, kutoka juu ya nyumba. Alikaa hospitali siku mbili, asiamke. Inna lillahi.

Siku hiyo sitaieleza. Ninachotaka kueleza ni karatasi.

Mwajiri wake alikubali kubeba gharama zote za kumrudisha, Mungu amlipe kwa hilo. Lakini kule kuna ofisi inayoshughulikia maiti za wageni, na ofisi hiyo ilikuwa na sharti moja. Walitaka barua ya mzazi, yenye sahihi yake, inayosema anamtaka mwanawe arudishwe nyumbani, pamoja na kopi ya kitambulisho chake. Ije kwa faksi. Si kwa barua pepe, si picha ya simu. Na iwe imefika kabla ya Alhamisi adhuhuri. Isipofika, atazikwa huko huko.

Nyumbani hawakuwa na kauli moja. Wako wajomba waliosema kwani huko kuna ubaya gani, ni nchi ya Waislamu, ataoshwa, ataswaliwa, na maiti hacheleweshwi. Shangazi aliwasikiza wote mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Mimi sina haja ya kubishana na nyinyi. Nataka nimuone uso wake kwa mato yangu. Nikishamuona, mchukueni mkamzike." Kaburi alishalionyesha, ubavuni mwa baba wa mtoto.

Jumatatu asubuhi nikamchukua, tukaenda Changamwe. Mkubwa wangu ni mtu wa bara, hana maneno mengi, lakini alisimama kitini akamwambia, "Pole sana, mama," akampa kiti chake mwenyewe, akatoka kwenda kukaa chumba cha pili. Nikaiandika barua kwa Kiingereza, mistari saba, nikamsomea kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa.

"Bismillahi iko wapi?"

"Shangazi, hizi barua za ofisi hazina..."

"Iko wapi?"

Nikaichapa upya, nikamuachia nafasi juu. Akataka aiandike kwa mkono wake. Shangazi yangu hakusoma shule, alisoma chuo cha Kurani, na khati yake ya Kiarabu mpaka leo watu huisifu. Aliinama pale mezani, akawa anavuta herufi moja moja kwa kalamu ya biki. Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa naitazama saa, naona haya kuitazama. Alipomaliza akapuliza wino ukauke, akatia sahihi chini, akaibusu karatasi.

Nikaziweka mashinini kama inavyotakikana. Barua chini, kopi ya kitambulisho juu yake, zote kifudifudi. Nikabonyeza. Ikazisoma zote mbili, zikatoka upande wa pili, ikapiga simu. Bizi. Ikangoja ikapiga tena, bizi. Mara ya tatu ikakata tamaa yenyewe, ikatoa ripoti ya kushindwa, na ikiandika hivyo huwa imesahau kila kitu, sharti uanze upya. Nikaziokota karatasi, nikazipanga tena vile vile. Hapo ndipo nikaitwa langoni.

Kulikuwa na dereva wa lori ametiwa kontena ambalo si letu, na ametia kiburi, anataka muhuri wangu. Nikamwambia shangazi, "Keti hapa, naja sasa hivi. Usiguse kitu." Nikatoka.

Na hili ndilo linaloniuma. Vijana wote waliopita pale nimewaambia jicho la mashini liko chini. Hata aliyekuja kwa wiki moja tu nilimwambia. Shangazi yangu nilimwambia usiguse kitu, kama mtoto. Yeye ni mkubwa wangu, ndiye aliyenifunza kushika kalamu, na niliona si adabu kumkalisha nikamsomesha mambo ya mashini. Tena alikuwa amefiwa. Basi sikusema.

Na yule dereva nilipigana naye maneno, tusifichane. Mimi hasira zangu ziko puani. Nilimaliza kama robo saa pale, watu wamejaa, nimemuita kila jina ila lake. Niliporudi bado nilikuwa natweta. Shangazi alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani, ametulia kabisa. Nikaangalia mashini, nikaona mgongo mweupe wa karatasi ya juu, umetazama juu kama kawaida. Nikabonyeza.

Zikaingia moja, mbili. Zikatoka upande wa pili, na shangazi akainuka upesi akazidaka zisianguke chini, akazikunja, akazitia ndani ya mkoba wake. Mashini ikapiga simu. Safari hii ikaita. Kisha zikaanza zile kelele za kuamkiana, na shangazi akainua mikono kuomba dua. Nilisimama pale nikiitikia amin, na mashini nayo inakwaruza.

Ripoti ikatoka. Kurasa mbili. OK.

"Nini imesema?"

"Imesema OK, shangazi."

"Maana yake wameipata?"

"Wameipata."

"Na wataisoma?"

"Kwani waliomba ya nini? Wataisoma."

Nikampa ripoti ile mkononi, nikamwambia huu ndio ushahidi, uweke vizuri, yeyote atakayesema haikufika muonyeshe hii. Nilisema vile kwa majivuno kidogo, wallahi, kama fundi. Naye akanishika shavu akasema Mungu akujaze kheri mwanangu, leo ningefanya nini bila ya wewe.

Jumanne tukangoja. Nikapiga simu ile ofisi, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, nikapata sauti ya kike iliyorekodiwa inayosoma Kiarabu kirefu, kisha muziki. Jumatano hivyo hivyo. Nilimpigia yule mwenzake wa chumba, naye maskini ni fundi tu, akasema alikwenda mpaka mlangoni akaambiwa wanaoshughulikiwa ni jamaa wa marehemu. Nilimwambia mkubwa wangu tutume tena? Akauliza ripoti ilisemaje. Nikamwambia OK. Akasema basi OK ni OK, ukituma mara mbili utawachanganya. Nikaona kweli.

Kule Mjambere nyumba ilikuwa imejaa. Sanda ilishanunuliwa, kafuri na mawardi viko kabatini, mabusati yametandikwa uani. Wanawake walikuwa wakisoma Yasini na kutazama simu yangu. Kila ikilia, kisomo kinasita. Na kila mgeni aliyeingia shangazi alimtolea ile ripoti, akamuonyesha kwa kidole pale palipoandikwa OK. Wengine hawajui kusoma Kiingereza lakini OK nani asiyeijua.

Alhamisi, baada ya alasiri, simu ikashikwa. Mwanamume, sauti yake ya upole, ana Kiingereza safi. Nikamtajia jina na namba ya pasipoti. Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

Akasema kurasa mbili zilifika Jumatatu kutoka kwenye namba yetu. Mmoja ni kopi ya kitambulisho cha mama. Mwingine hauna kitu.

"Hauna kitu vipi?"

"Mweupe, dada. Hauna hata herufi moja. Tuliingoja barua, haikuja. Amezikwa leo baada ya adhuhuri. Ameswaliwa, na watu walikuwa wengi. Nakupa namba ya kaburi."

Nilimwambia ningoje, naituma sasa hivi, dakika mbili tu. Ala! Nilikuwa nasema nini? Alinijibu kwa adabu ile ile kwamba nikitaka kuituma niitume, ataiweka kwenye faili. Nikaandika namba ya kaburi nyuma ya risiti ya mzigo wa mtu. Mpaka leo namkasirikia mtu yule. Aliona karatasi nyeupe, akaona kitambulisho cha mwanamke mtu mzima, na namba yetu ya simu imejiandika juu ya kila ukurasa. Siku tatu nzima hakuinua simu akauliza, kulikoni? Lakini nikishamaliza kumkasirikia yeye narudi pale pale kwangu.

Maana mashini huweka ripoti zake. Nilibonyeza nikaitoa tena ile ya Jumatatu. OK, kurasa mbili, na chini yake kile kisanduku, kitupu. Picha ya ukurasa wa kwanza ilikuwa ni weupe na mstari wa pembeni. Nilikuwa nimeishika mkononi siku ile. Nilimpa shangazi kwa mikono yangu, nikamwambia huu ndio ushahidi, na sikukitazama kisanduku kwa sababu nilishaona OK. Nami najua, tena nawafundisha wengine, kwamba OK ya mashini haina habari na kilichoandikwa. Inasema nimepeleka, basi. Ukiipa weupe itapeleka weupe na itakwambia OK.

Nikadhani imeharibika. Nikaijaribu na karatasi nyingine, kifudifudi, kwenda kwa mteja wetu wa mjini. Ikatoka sawa, kisanduku kimejaa maandishi. Nikakaa chini.

Jua lilikuwa halijatua nilipofika Mjambere. Nilimkuta shangazi chumbani, juu ya mswala. Nikamshika mkono nikambusu. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wamesema?"

Nilitakiwa nimwambie kwanza. Badala yake nikamuuliza, "Shangazi, siku ile nilipokwenda langoni, uligusa zile karatasi?"

"Aka! Nisiguse?" Akanitazama kwa mshangao. "Mlikuwa mmelilaza jina la Mwenyezi Mungu kifudifudi juu ya mashini ile, imejaa vumbi. Nikaligeuza likatazama juu. Ile ya kitambulisho sikuigeuza, ile haina kitu, nikairudisha juu yake vile vile ulivyoiweka. Nilifanya vibaya?"

Jamani. Kulikuwa na wanawake uani, nawasikia wakiosha vikombe. Nikamtazama uso wake, na mimi niliyemtukana dereva mzima wa lori mbele ya watu nikashusha sauti.

"La, shangazi," nikasema. "Ulifanya vyema."

Kisha nikamwambia kwamba wamemzika. Hakupiga kelele. Aliuliza saa ngapi, nikamwambia baada ya adhuhuri. Akahesabu kwa vidole kitu nisichokijua. Kisha akauliza, "Na barua?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe. "Barua waliipata. Mashini ilisema OK. Basi ni Mungu hakupenda." Akalala ubavu pale pale juu ya mswala, akajifunika mtandio mpaka usoni, nami nikakaa nikimkanda miguu. Walikuja kututaka tule, nikawafukuza.

Watu walitawanyika baada ya siku tatu. Sanda imebaki kabatini. Shangazi amesema hiyo sasa ni yake.

Nimefikiria mara nyingi nimwambie. Nikiwa njiani kwenda kwake nakuwa nimeshaamua, maneno nimeyapanga. Nikifika namkuta anaswali, au ananipikia mkate wa kumimina kwa sababu nimekonda, na nauliza moyo wangu, nimwambie ili iweje? Aliliheshimu jina la Mola wake. Nimwambie heshima hiyo ndiyo iliyomzuilia mwanawe? Na nisipomwambia anabaki akiamini walimsoma, wakajua anamtaka mtoto wake, wakamnyima makusudi. Yote mawili ni mabaya, na mimi ndiye wa kuchagua, na sichagui. Nakula mkate narudi zangu nyumbani.

Mfungo mosi uliopita, mwezi wa Idi, siku ya Ijumaa, wakati ule ule ambao simu ilikuwa ikija, nilikwenda kumuamkia. Alikuwa amejifunga mtandio mpya. Akaniita chumbani.

"Ndoo uone."

"Abee, shangazi."

Akaufungua msahafu wake, akatoa ile ripoti. Imechakaa kwa kuonyeshwa watu. Pale kwenye kisanduku alikuwa amebandika picha ya pasipoti ya ndugu yangu, kwa gundi ya unga wa ngano, imekaa sawasawa, haikuzidi upande wowote.

"Nilikuwa nikiitazama kila siku," akasema. "Juzi ndipo nikagutuka. Hapa walikuwa wameacha nafasi ya picha, nasi hatukuweka. Umeona? Wangemjuaje? Huenda ndio maana."

Nikaishika karatasi ile. Ndugu yangu ananitazama kutoka ndani ya kisanduku, shati jeupe, shingo ameinyosha kama alivyoambiwa na mpiga picha.

"Nenda nayo kazini ukawatumie tena," shangazi akasema. "Sitaki wamfukue, najua haifai. Nataka wajue tu kwamba alikuwa na mamake, na mamake alimtaka. Lakini mwanangu, ukiitia kwenye mashini usimlaze kifudifudi. Mlaze atazame juu."

Nikasema inshallah.

Iko kwenye droo yangu ya Changamwe, uso juu. Kila Ijumaa huniuliza kama wamejibu, na kila Ijumaa namwambia nimejaribu, shangazi, laini ina bizi.